Safu ya Tatu

Leo nimeandika majina thelathini na moja
kwenye daftari la ardhi, ofisi ya kijiji, Handali.
Vumbi la Septemba limekaa juu ya mhuri
kama mgeni ambaye hajaulizwa habari.
Safu ya kwanza, namba. Ya pili, mipaka:
minyaa ya Chedego, korongo, kichuguu kilichobomoka.
Ya tatu, jina la mwenye shamba.

Bibi Sechelela alikuwa wa ishirini na tisa.
Alikataa benchi. Alikuja na kigoda cha marehemu,
ambacho zamani hakukigusa ila kukifuta.
"Mbukwa, mwanangu."
Nikamjibu kikarani, macho kwenye daftari.
Nikaona aibu. Nikamjibu tena.

Mama yake bibi hana tarehe.
Tunajua tu kwamba mwaka wa Mtunya,
njaa ilipofika kwenye ngozi za kulalia,
alipelekwa ng'ambo ya vilima
kwa vibaba vinne vya mtama.
Vinne, si vitano.
Bibi hukazia hapo kama anayedai chenji.

Alirudi mtu mzima, hakusimulia.
Alichukua ngoma, akaibana mapajani,
akaipiga mpaka mifupa ya ng'ombe zizini ikageuka.
Huku kwetu ngoma ni ya wanawake, muulize yeyote.
Na kilindo cha nafaka kilikuwa na mwenyewe:
mume alibisha hodi kwa mtama aliolima.

Kwa hiyo sitadanganya
kwamba zamani ilikuwa giza na sasa ni taa
(umeme wenyewe umekatika tangu saa nne).
Mkono uliotingisha uwanja haukuwa na ndama wake,
hilo ni kweli.
Kisha ikaja kodi ya nyumba,
ikaja na karatasi,
na karatasi ikamwona mume.
Mke akahesabiwa kama paa la tembe:
"Huyu ana mapaa matatu."

Sabini na moja, kijiji kipya kikashushwa toka kwenye lori,
na jioni, darasa la watu wazima, koroboi mbili,
bibi akaandika S na mtoto mgongoni.
S ilitazama upande usio wake.
Mtoto huyo ni mama yangu.
Husema alijifunza kusoma kupitia mfupa wa bega.

Leo, sasa.
Shamba la zabibu, ekari moja na robo.
Babu mdogo Chedego kasimama mlangoni, kofia mkononi.
Si mtu mbaya. Mwaka wa ukame alitukopesha maksai
na hakuwahi kututajia.
"Andika jina la ukoo," anasema, taratibu.
"Jina la mtu hufa."

"Ukoo haujawahi kupogoa," anasema bibi.
"Nimeungoja miaka ishirini na miwili, haujaja na mkasi."

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka, akajifanya anakohoa.

Nami, kwa mazoea tu, kwa haraka ya foleni,
nikamsogezea kile kidau cha wino
cha kidole gumba.

Alikitazama.
Alinitazama.
"Nani kakwambia mimi ni kidole?"

Nikampa kalamu yangu.
Aliinama kama anayepanda mbegu
moja moja, udongo ukiwa mgumu.
Foleni ilinyamaza. Chedego akavaa kofia, akaivua.
Herufi tisa, dakika karibu saba,
na S bado inatazama nyuma,
kana kwamba kuna mtu anamngoja huko.

Alipomaliza hakuinuka.
Akapitisha ukucha juu ya safu ya tatu, taratibu, mpaka chini.
"Na wewe, karani," akaniuliza,
"kile kiwanja chenu cha Nkuhungu,
umeandikwa wapi?"

Nilipuliza wino ukauke.
Ulikuwa umeshakauka.

Nikaita wa thelathini.